Sakafu ya kuanikia mpunga iliyotutia mchanga kwenye mchele

Hapa tumezoea kuongelea mbegu, mbolea na wadudu. Leo naomba tuongelee zege, na naomba mnivumilie, kwa sababu kosa nitakalolisimulia sehemu yake kubwa ni langu.

Kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga katika kata ninayohudumia, huku bonde la Usangu, kilichanga fedha kwa misimu miwili ili kijenge sakafu ya kuanikia. Mimi ndiye niliyewashawishi. Kila mwaka walikuwa wanaanika chini kwenye udongo au kwenye maturubai yaliyochakaa, na mchele unatoka na vijiwe. Nikawaambia tujenge sakafu ya zege ya mita 8 kwa 12, unene wa sentimita 10, na pembeni njia fupi ya kuingilia ili pawatila iweze kupanda na mzigo. Nikapiga hesabu ya saruji, ikaja mifuko 62 kwa sakafu peke yake. Wakanunua yote. Saruji haikuibwa, nasema hilo mapema, maana kila sakafu ikiharibika kijijini mtu wa kwanza kushikwa shati ni fundi.

Tulimwaga mwezi wa kumi. Mnaoishi huku mnaujua mwezi huo: jua kali, upepo wa mchana unaobeba vumbi, na mifereji haina maji. Fundi alikuwa kijana mwepesi, na vijana wake wa kusaidia walichanganya kwa sepetu chini kwenye ardhi. Zege lilikuwa jepesi kama uji wa mgonjwa. Niliona, nikauliza, nikajibiwa, "Bwana shamba, likiwa zito halitandiki." Nikanyamaza. Mimi nina diploma ya kilimo, zege nimelijua kwa kuliangalia tu, na niliona aibu kubishana na mtu mbele ya watu wake.

Jioni maji yakapanda juu ya zege, yakasimama yanang'aa. Fundi akachukua saruji kavu, akainyunyiza juu ya yale maji, akapiga niru kwa mwiko wa chuma mpaka ukawa unaweza kujitazama uso. Watu walipiga makofi. Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi, alisema hata sebule yake haina sakafu kama ile. Mimi nikapiga picha, nikaituma kwa mkuu wangu wa idara.

Kesho yake nilitakiwa kwenye semina ya siku nne. Kabla ya kuondoka mwenyekiti aliniuliza wamwagie maji mpaka lini. Nikamjibu, "Siku mbili tatu zinatosha." Hayo maneno nayakumbuka vizuri. Maji yalikuwa yanatoka kisimani kwa madumu, kilomita moja na zaidi, na kina mama ndio waliokuwa wanayabeba. Walimwagia jioni mbili, wakapumzika, kama nilivyowaruhusu.

Mwezi wa kwanza nilipita pale, viatu vyangu vikatoka na unga mweupe. Nikadhani ni vumbi la barabarani.

Mwezi wa sita tukavuna. Sakafu ikatumika kwa mara ya kwanza, na kwa wiki moja kila mtu alifurahi. Halafu ile ngozi ya juu ikaanza kubanduka. Kwanza vipande vidogo kama magamba ya samaki, hasa pale wanapogeuzia mpunga kwa reki, kisha mabaka mapana kama sahani. Chini ya ngozi palikuwa na mchanga mlegevu unaotoka kwa kidole. Kwenye njia ya pawatila ndiyo usiseme, gurudumu lilikuwa linachimba kama liko shambani.

Mnunuzi wa mchele kutoka Dar es Salaam alipokuja mashineni, alichukua punje chache kwenye kiganja akazitafuna. Wafanyabiashara mnaijua kazi hiyo. Akasikia kokwa, akatema, akasogea gunia la pili. Mashine yetu ya kijijini haina kitenganisha mawe, na kipande cha zege chenye ukubwa wa punje ya mchele hupita kwenye chekeche bila wasiwasi. Hakugomba. Alisema tu kwamba mzigo huu atalazimika kulipa watu wauchambue, kwa hiyo anashusha shilingi 100 kwa kilo. Yule mama mweka hazina alikuwa na kilo 900. Shilingi elfu tisini ikaondoka pale pale, na alikuwa ameshazipangia kazi, bati za kumalizia nyumba.

Alinifuata ofisini siku ya pili. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, mimi nilikuwa naanika kwenye udongo, mchanga naupata bure. Huu wa sasa nimeuchangia."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba wiki moja nitafute mtu anayejua.

Mtu huyo alikuwa hapo hapo kijijini. Kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa kuna jamvi la zege ambalo Fuso linapanda kushusha magunia, lina zaidi ya miaka kumi na tano, na nilikuwa nimelikanyaga mamia ya mara bila kulitazama. Nililikwaruza kwa msumari, ukaacha mstari mweupe tu. Nikaenda kukwaruza sakafu yetu, msumari ukazama. Aliyelijenga ni mzee mmoja ambaye siku hizi analima bustani ya nyanya. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, akacheka kidogo, akachukua fimbo yake ya chuma tukaenda.

Alianza kugonga. Pale penye ubora sauti inatoka kavu na fupi. Pale penye ugonjwa inatoka kama unagonga mtungi mtupu. Theluthi mbili za sakafu zilikuwa mtungi mtupu.

Kisha akanieleza, na nitajitahidi kueleza kama alivyonieleza, nikiongeza kidogo niliyoyasoma baadaye.

Watu wengi tunadhani zege linakauka. Hapana. "Zege halikauki, linaiva," alisema mzee. Saruji hushikana kwa sababu inakula maji na kugeuka kitu kingine kigumu, na kazi hiyo haiishi siku moja. Siku 7 za mwanzo ndizo kubwa, na ndiyo maana nguvu ya zege hupimwa ikifika siku 28. Maji yakiondoka kabla, saruji inabaki unga usioiva. Na sehemu inayopoteza maji kwanza ni uso wa juu, unaopigwa na jua na upepo. Kwa hiyo unaweza kuwa na jamvi ambalo katikati ni zuri na juu ni vumbi, na vumbi hilo ndilo mpunga unalolalia.

Kosa la pili ni maji ndani ya mchanganyiko. Mfuko mmoja wa kilo 50 unahitaji maji lita 25 hivi, na hapo hesabu pia unyevu ulioko kwenye mchanga. Mchanga ukiwa umelowa, punguza. Sisi tulikuwa tunamimina kwa macho, na nina hakika tulikuwa mbali sana juu ya hapo. Maji ya ziada hayaliwi na saruji. Yanapanda juu, na yakishapotea yanaacha vitundu vidogo, na kule juu yalikosimama ndiko saruji inakuwa nyepesi kuliko sehemu nyingine yoyote.

La tatu ndilo lililoniuma, kwa sababu ndilo tulilolipigia makofi. Ile saruji kavu iliyonyunyizwa juu ya maji yaliyopanda. Inatengeneza ngozi nyembamba inayowahi kushika, wakati chini yake maji bado yanataka kutoka. Yanakwama hapo. Panabaki tabaka dhaifu kati ya ngozi na mwili. Likija jua, likija gurudumu, ngozi inaachia. Mzee aliniambia fundi akitaka kumaliza uso anasubiri. Maji yapande, yapotee yenyewe, ukikanyaga kiatu kiache alama ndogo tu, ndipo unapopiga mwiko, bila kunyunyiza kitu. Na kwa sakafu ya kuanikia, alisema, kwanza nani alikwambia inatakiwa ing'ae? Inatakiwa iwe laini ya kufagilika na ngumu ya kukwaruzwa. Mng'ao ni wa sebuleni.

Nilimuuliza habari ya maji, kwamba mwezi wa kumi tungeyatoa wapi. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Nyie mnajua kulima majaruba. Mlishindwaje kuifanya sakafu jaruba?"

Maana yake hii hapa. Ukishamaliza na zege likashika kiasi cha kutochimbika, unazungusha kituta kidogo cha tope pembezoni, unajaza maji kimo cha sentimita 2, unayaacha yalale. Kwa sakafu yetu ni kama lita 1,900 za kwanza, kisha unaongezea yanayopotea tu. Kama maji hayo ni mengi, unatandaza mabua ya mpunga au magunia ya zamani, unayalowesha, na juu unalaza nailoni ikandamizwe kwa mawe isipeperuke. Hapo madumu machache asubuhi na jioni yanatosha, muhimu ni uso usikauke hata saa moja kwa siku saba. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, kama tulivyofanya sisi, hakufai. Na mabua yalikuwa yamejaa mita hamsini kutoka pale! Tuliyachoma mwezi uliofuata.

Na kama hakuna maji kabisa, usimwage zege. Subiri. Fedha ya kikundi ikikaa benki miezi miwili haiozi. Hili nalisema kwa sababu mimi ndiye niliyewaharakisha, nikitaka kazi ionekane kwenye taarifa ya robo mwaka.

Kwa anayejenga mwaka huu, iwe sakafu ya kuanikia, kibaraza cha duka au njia ya gari kuingia ghalani, vipimo ninavyovitumia sasa ni hivi. Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, kila mfuko unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo ya lita 20, iliyosawazishwa juu kwa ubao. Usikubali kipimo cha sepetu, maana sepetu ya asubuhi si sepetu ya saa tisa mchana. Changanyia juu ya bati au jamvi safi, si kwenye udongo. Mchanga upime kwa chupa angavu: tia mchanga nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha utulie kwa saa chache. Tope litakaa juu kama tabaka peke yake. Kama mchanga ni sentimita 10 na tope limezidi milimita 8, mchanga huo uoshe au utafute mwingine. Mchanga wa mtoni huku kwetu mwingine unaonekana mzuri kumbe nusu ni udongo wa majaruba.

Jamvi la sentimita 10 likatwe viungo kila mita 2 na nusu hadi 3, kina cha robo ya unene. Letu halikukatwa, likajikatia lenyewe katikati, mstari uliopinda kama mto. Weka mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita ili mvua isilale juu. Miguu inaweza kupita baada ya siku mbili, pawatila isubiri siku 7, na Fuso lenye mzigo lisikanyage kabla ya siku 28. Vijana wa pawatila hawapendi kusikia hili, kwa hiyo weka magogo njiani. Maneno hayasaidii.

Wenye maduka ya pembejeo nina neno lenu dogo. Mbolea zenye amonia, kama SA na CAN, zikilowa zinakula zege. Ukiona sakafu ya stoo inabadilika kuwa laini chini ya magunia, usimlaumu fundi kabla hujatazama hapo. Panga magunia juu ya mbao, na iliyomwagika izoe ikiwa kavu, usiioshe kwa maji. Mkojo wa ng'ombe nao hufanya kazi ya namna hiyo polepole kwenye sakafu ya banda, kwa hiyo sakafu ya banda ihitaji zege gumu zaidi na ifagiliwe kila siku.

Sasa turudi kwenye sakafu yetu, kwa sababu najua wengi mnauliza kama inaponyeka.

Wazo la kwanza la wanakikundi lilikuwa kupiga niru upya. Mifuko mitatu minne, siku moja, basi. Nilikaribia kukubali, lakini mzee alikataa kabisa. Niru nyembamba juu ya tabaka lililooza haina pa kushikilia, ni sawa na kupaka rangi juu ya kutu. Ikifika mavuno itabanduka nayo, na mchele utakuwa na mchanga wa aina mbili. Dawa ni kubandua kila kinachotoa sauti ya mtungi mpaka ufike kwenye zege linalojibu vizuri, kulichimbachimba liwe na makwaruzo, kufagia, kuosha vumbi lote, kulilowesha usiku kucha. Asubuhi unafagia maji yaliyotuama, unapiga uji mzito wa saruji kwa brashi, na kabla uji haujakauka unalaza mchanganyiko wa saruji moja na mchanga tatu, unene wa sentimita 4. Pale penye ufa wa chini unaacha kiungo na juu, la sivyo ufa utapanda. Halafu jaruba, siku saba.

Kwa sakafu nzima hiyo ni mifuko kama 38. Fedha hiyo kikundi hakina. Tulikaa kikao kirefu, na sitaficha kwamba palikuwa na mzee aliyesema nilipe mimi. Hakuwa amekosea sana. Nimechangia mifuko mitano kutoka mfukoni kwangu, si kwamba mtumishi wa ngazi yangu ana fedha ya kuchezea, ila sikuweza kukaa kwenye kile kikao bila kuchangia. Fundi yule kijana tulimwita pia. Alikuja, na alikuwa radhi afanye kazi ya kubandua bila malipo. Aliniambia hakuna aliyewahi kumrudia kumwambia niru zake zinabanduka, watu humaliza naye, wakaita fundi mwingine akapige niru juu. Nikafikiria kazi zake nyingine zote hapa kijijini. Hata kibaraza cha zahanati.

Tumeamua kukarabati nusu kwanza, ule upande wa jua la asubuhi, mita za mraba 48, mifuko 19. Nusu nyingine mwaka huu itatandikwa maturubai juu yake, na njia ya pawatila imefungwa, mizigo itabebwa mabegani hatua ishirini. Kina mama wameomba kitu kimoja, kwamba zamu ya maji safari hii iwe ya wanaume. Imepitishwa.

Kubandua kulianza Jumanne. Mzee amekaa kwenye kiti chini ya mwembe, kijana anagonga, mzee anasikiliza na kusema "hapo" au "songa". Tukifika mahali pazuri ni nadra, lakini tukifika tunapaacha. Zege tutalaza wiki ijayo, na wanakikundi wameazima tanki la plastiki la lita 1,000 kutoka kwa jirani mwenye bustani. Semina iliyokuwa imepangwa siku hizo nimeomba mwenzangu wa kata ya pili aniwakilishe.

Anayetaka kupima sakafu yake kabla hajaanika, achukue msumari na kitambaa cheusi. Kwaruza, kisha pangusa kwa kitambaa. Mstari mweupe bila unga, anika. Unga ukijaa kwenye kitambaa, tandika turubai msimu huu na unione. Jumatatu na Alhamisi niko ofisi ya kata mpaka saa nane, siku nyingine zote mpaka mwisho wa mwezi mtanikuta kwenye ile sakafu.